Mwiko wa Kujipa Mwenyewe

Nilitoka Lipangalala, pale Ifakara, asubuhi bila kujua ninakwenda wapi, na sababu ilikuwa sufuria. Sufuria ndogo, mpya, yenye mfuniko wa kioo, ilikuwa imekaa kwenye kichanja cha vyombo nyuma ya nyumba ya mama mdogo, mahali ambapo miaka yote ilikaa sahani yangu ya bati yenye maua mekundu. Sahani niliikuta chini, imelazwa kifudifudi juu ya tofali.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu, na nyumba yake haina desturi ya kumfukuza mtu kwa maneno. Mimi ni mtu wa kuondoka. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua reli inaishia wapi, na tangu hapo nimeondoka mara nyingi: Makambako, Mbeya, Songea, machimbo ya Chunya. Kila niliporudi, hata baada ya miaka miwili, sahani yangu niliikuta kichanjani imeoshwa, kana kwamba nilikuwa nimekwenda kisimani nikachelewa. Ile ndiyo ilikuwa hati yangu ya nyumba. Sasa ilikuwa chini, na kichanja chenyewe kina nafasi ya vyombo ishirini.

Nikaitia sahani kwenye begi pamoja na shuka na redio, nikasimama mbele ya mlango wake uliofungwa, nikasema, "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," akaitika kutoka ndani.

Mlango haukufunguka. Nikaenda zangu kuelekea barabara kuu, nikiruka madimbwi ya mvua.

Kisa cha sufuria ile ni chakula, na kuhusu chakula nina maoni mengi kuliko madarasa niliyosoma. La kwanza ni hili. Watu wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, ambao siku hizi wanaitwa vegani, wako wa aina mbili, kama wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule Kidatu nilikokata miwa misimu miwili. Kuna wa kudumu na kuna wa msimu. Wa kudumu ana viatu vya kazi na kitambulisho shingoni, na hawezi kukaa na wewe dakika tano bila kukujulisha kwamba yeye ni wa kudumu. Wa msimu anakata miwa ileile na kutokwa na jasho lilelile, ila msimu ukiisha anarudi kwao na hakuna anayekumbuka jina lake.

Kwa maana hiyo bonde zima la Kilombero ni vegani wa msimu, na hakuna aliyewahi kutupa kitambulisho. Tumekula matembele mchana na maharage usiku, kesho yake tukageuza, maharage mchana na matembele usiku, ili mwili usizoee. Nyama tuliiona Krismasi, tukaiona Pasaka, na siku jogoo alipougua akawahiwa kabla hajafa mwenyewe. Katika nyumba nyingi nilizolala, kuku alitembea uani kama mtu anayejua haki zake: hachinjwi mpaka mgeni aje. Ndiyo maana watoto wa huku wanawapenda sana wageni. Hakuna aliyesema tunaiokoa dunia. Tulisema tu, "Leo tena matembele."

Halafu uko msimu rasmi, wa kanisa. Ijumaa za Kwaresma, nyama haigusi mdomo wa Mkatoliki safi wa Ifakara, na siku hizo ndizo upande wa samaki pale sokoni haupitiki. Nimemwona mzee mmoja wa kigango, mtu wa kufunga kwelikweli, akijitesa kwa perege wawili wa kuchoma, kila mmoja mkubwa kama ndara, huku akisikitikia mateso ya Bwana na kuchokoa miiba katikati ya meno. Sisemi vibaya. Mimi mwenyewe nimejitesa hivyo mara nyingi.

Basi ilikuwa Kwaresma ya mwaka huu, mvua zimeanza, alipokuja vegani wa kudumu wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu.

Mama mdogo anapika chakula kwenye banda karibu na soko: mabati manne, mabenchi mawili, na meza yenye kitambaa cha plastiki kilichochorwa matunda ambayo hakuna mtu Ifakara aliyewahi kuyala. Ninapokuwa mjini ninamchotea maji, ninampasulia kuni na kumtwangia vya kutwanga. Vegani huyo alikuwa kijana wa Dar es Salaam, ofisi yake ilikuwa imemleta kukaa miezi kadhaa. Alikuwa mrefu, mpole, na chupa ya maji ya chuma mkononi kama mtu anayekwenda kupanda mlima. Alikuwa na mwenzake wa ofisini, dada mmoja mwenye kicheko kinachofika benchi la pili.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kuna wali nyama, wali samaki, wali maharage, ugali na mboga zote."

"Mimi sili nyama, mama. Wala samaki."

"Una presha?"

"Hapana, mzima. Sili tu. Hata mayai. Hata maziwa."

Mama mdogo akaweka upawa chini. "Hata maziwa! Unaumwa tangu lini, baba?"

"Siumwi, mama. Mimi ni vegani."

Mama mdogo akalifikiria neno lile. Ifakara tumepokea madhehebu mengi, kila mwaka linakuja moja na spika zake, na yeye ni mtu wa kumheshimu mteja. "Na mnasali Jumamosi," akauliza kwa adabu, "au Jumapili kama sisi?"

Yule dada alicheka mpaka akashika meza. Kijana akaeleza kwamba si dini, ni uamuzi wake mwenyewe, anawaonea huruma wanyama, tena anaona ni bora kwa mwili na kwa ardhi. Alieleza vizuri, kama mtu aliyeeleza mara nyingi kwa watu wasiosikia.

"Na asali?" nikauliza mimi kutoka kwenye kuni, maana nikisikia jambo jipya siwezi kukaa kimya.

"Asali pia sili, kaka. Ni jasho la nyuki."

"Hiyo sukari kwenye chai yako ni jasho langu," nikamwambia. "Nimeikatia miwa misimu miwili. Mbona umetia vijiko vitatu?"

Mabenchi yote mawili yakacheka. Kijana akaitazama chai yake, akacheka naye, kisha akainywa yote. Hapo nikaanza kumpenda kidogo, jambo ambalo halikunizuia kitu, kama itakavyoonekana.

Yule dada naye akajitangaza kuwa ni vegani, ila wa Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa jioni, Kwaresma au si Kwaresma, ungemkuta mahali panapokaangwa kitimoto, yaani nguruwe, mbele yake sinia, pilipili na limao. Basi kila mchana wawili wale walibishana kwenye benchi letu, nami nilipasua kuni polepole ili nisipitwe.

"Wewe si vegani," kijana alimwambia. "Wewe unapumzisha meno."

"Na wewe ni padri asiye na parokia. Mimi napunguza. Watu mia wakipunguza nusu ni sawasawa na hamsini kama wewe, tofauti ni kwamba hao mia bado wanaalikwa harusini."

"Mwizi anayeiba Ijumaa mpaka Jumapili, naye anapunguza?"

"Haa! Sasa nyama ni wizi. Mama, umesikia? Miaka yote unapikia wezi."

"Wezi hawaachi mabaki," mama mdogo akasema, akafunika sufuria.

Maoni yangu yalikuwa kwamba wa kudumu ana kiburi na wa msimu ana njaa, na kati ya makosa hayo mawili, njaa ninaifahamu zaidi. Lakini kilichonipa raha hasa hakikuwa mabishano. Kilikuwa mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza.

Mlenda ndio uliomfunga kijana kwenye banda letu. Alipoonja siku ya kwanza alifumba macho. Siku ya pili aliomba uongezwe. Wiki ya kwanza haijaisha, akawa anauliza, "Mama, siri ya huu mlenda ni nini?"

"Mkono tu, mwanangu."

Mkono wenyewe ulikuwa wangu. Kila asubuhi, kabla banda halijafunguliwa, nilikaa na kinu nikitwanga dagaa wakavu wa Nyasa mpaka wawe unga laini, nikautia kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga. Mama mdogo alichota kijiko, akautawanya kwenye mlenda unaochemka, akakoroga, na dagaa akapotea kabisa. Humwoni. Unaona tu kwamba chakula kimekuwa chakula.

Siku ile ya kwanza nilimwuliza, "Mama mdogo, yule si amesema hali samaki?"

"Samaki yuko wapi hapo?"

"Dagaa."

"Dagaa ni kiungo. Ulishaona wapi samaki asiye na mwiba wa kutoa?"

"Ana macho."

"Umemtwanga wewe. Hayo macho yako wapi?" Alikoroga tena, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mlenda bila dagaa ni makamasi. Siwezi kumpa mtoto wa watu makamasi. Mama yake yuko mbali anadhani mwanawe anakula."

Huo ndio ulikuwa msimamo wake, nami nikaendelea kutwanga. Kwanza, kichekesho kilikuwa kitamu mno kukiharibu. Kwa wiki tatu kijana alikula dagaa mara moja kwa siku, Jumapili tu akapumzika, na kwa wiki tatu akahubiri. "Mnaiona ngozi yangu?" aliwaambia watu wa benchi. "Mnaona nilivyo mwepesi? Hii ni majani matupu." Yule dada alimshika shavu, akakiri kwamba kweli amenawiri. Mimi ilinibidi niende nyuma ya banda kucheka kwenye mifuko ya mkaa. Nilijiuliza: vegani wa kudumu anayekula dagaa bila kujua, huyo ni wa kudumu au wa msimu? Au moyo wake una ajira na tumbo lake ni kibarua? Nilikuwa na maswali mengi ya aina hiyo, na sikumwuliza hata moja, kwa sababu angejibu.

Kitu kimoja ndicho kilichonikwaruza. Mama mdogo hali kambale.

Ukoo wao una mwiko huo. Yeye alipewa na baba yake, aliyepewa na baba yake, na hakuna anayejua kambale aliwakosea nini. Katika mji uliozungukwa na maji, ambako mvua kubwa ikinyesha kambale anavuka njia ya baiskeli, yeye hali, hagusi, hapiki, hasimami upepo unapoleta moshi wake. Mwaka mmoja jirani aliazima sufuria akaipikia kambale, akairudisha imesuguliwa kwa majivu mara tatu, inang'aa. Mama mdogo aliinusa tu. Akaitoa nje kwa kijiti kama anayetoa nyoka, na mpaka leo kuku wanainywea maji.

Wala hakuna aliyemwuliza kama ana presha. Hakuna aliyemwambia kipande kidogo hakidhuru. Kwetu mwiko wa mtu ni mwiko. Mwenyeji mwenye adabu humwuliza mgeni mwiko wake kabla hajabandika chungu, na akishaambiwa hasemi "kwa nini." Mimi ndiye sina, maana mwiko hutoka kwa baba, na wangu aliondoka kabla hajanipa kitu chochote, hata kitu cha kukataa. Kwa hiyo ninakula kila kinachopikwa. Kambale, tena, ninampenda kupita samaki wote, ila nimemla nje ya nyumba, nikanawa mpaka viwiko kabla ya kurudi.

"Mama mdogo," nikamwambia asubuhi moja juu ya kinu, "yule kijana naye ana mwiko wake. Wako na wake tofauti ni nini?"

"Mwiko unapewa. Huuvai mwenyewe kama kofia ya mnadani."

"Na yule wa kwanza kabisa kwenye ukoo wenu aliyemkataa kambale, yeye alipewa na nani?"

Alinisogezea kopo. "Twanga dagaa," akasema.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angekwenda kumwambia kijana ukweli, likaisha. Lakini mimi nilikuwa nimegundua jambo, na mtu aliyeacha shule mapema akigundua jambo ni hatari: hataki tu kulijua, anataka kulifundisha.

Siku ile jioni tulikwenda msibani Viwanja Sitini. Tulikula ugali na maharage, na mama mdogo akaongeza. Kesho yake asubuhi, akiwa anawasha moto bandani, nikasema, "Yale maharage ya msibani yalikuwa matamu."

"Matamu kweli."

"Nasikia waliyakaangia mafuta yaliyokaanga kambale."

Nilikuwa nimeandaa na sentensi ya pili. Nilikuwa nimelala nayo, nimeipenda, nikaitoa vilevile nilivyoipanga: "Lakini kambale yuko wapi hapo? Mafuta tu. Kiungo."

Hakuisikia. Njiti ya kiberiti ilimwungulia vidoleni, akaiacha. Alikwenda nyuma ya banda, kwenye mifuko ya mkaa nilikokuwa nikichekea, akatapika. Alitapika mpaka kukawa hakuna, akaendelea. Nilimshika mgongo, nikausikia unatetemeka kama wa mbuzi aliyenyeshewa. Alipojifuta, mikono yake yote miwili ilikuwa imetoka vipele, kuanzia kifundo mpaka kwenye kiwiko. Niliviona. Hakuna mtu atakayeniambia havikuwapo, na hakuna mtu atakayeniambia vilitokana na kambale.

Banda halikufunguliwa siku hiyo. Mchana nikaingia chumbani kwake, amelala ameutazama ukuta, nikamwambia ni uongo. Nilidhani vipele vitarudi vilikotoka.

"Kwa hiyo sikula," akasema bila kugeuka.

"Hukula, mama mdogo. Mafuta yalikuwa ya alizeti, nilimwona mpishi akiyafungua. Nilikuwa nataka tu uone yule kijana angejisikiaje."

"Na yeye umemwambia?"

"Bado."

Mvua ilianza kupiga bati, nikafikiri labda amelala.

"Wiki tatu unatwanga, unacheka, humwambii," akasema. "Mimi ukaniletea uongo, yeye ukamnyima ukweli. Haya, mwalimu. Toka nikapumzike."

Siku mbili alilala. Siku ya tatu alifungua banda, mikono imefunikwa na kanga. Asubuhi hiyo hakuniagiza kutwanga. Mchana kijana na yule dada walipokaa, hakuwatajia vyakula. Alifuta mikono, akasimama mbele ya kijana, watu wote wa mabenchi wakimtazama, akasema, "Mwanangu, mlenda wangu una dagaa. Tangu siku ya kwanza. Huyu anatwanga, mimi natia. Nilidhani nakusaidia. Nimekukosea."

Kijana akaweka kijiko mezani taratibu. Dada akaanza, "Karibu kwetu tunaopungu—" akauona uso wake, akanyamaza. Ndiyo mara pekee niliyomwona akiacha utani katikati.

"Kila siku?" kijana akauliza.

"Kila siku."

Aliinuka, akaenda kusimama nje karibu na baiskeli za wauza maziwa, ametupa mgongo. Mimi nilisubiri hotuba. Niliihitaji sana ile hotuba. Angepiga kelele, angetaja roho za wanyama na haki zake, nami ningepata pa kushikilia, ningeieleza Mbeya na Songea nikiigiza sauti yake. Hakutoa hotuba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akakaa palepale, akamwambia mama mdogo, "Asante kwa kuniambia, mama. Kwa kweli ulikuwa mtamu kupita kiasi. Ningepaswa kushtuka."

Mama mdogo akacheka kidogo kwa pua, na watu wa benchi wakapumua. Kisha kijana akanigeukia mimi.

"Kaka, na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Nikiongea habari za ngozi yangu, ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayehakikisha neno ameliandika sawasawa. Alikula wali mkavu na parachichi, akaenda kazini.

Kesho yake akaleta ile sufuria yenye mfuniko wa kioo. Alimkabidhi mama mdogo, akaomba iwe yake, isipikiwe kingine. Mama mdogo aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa ndani kama alivyoinusa ile ya jirani, na akasema neno ambalo sikutegemea kulisikia kwake: "Huu ndio mwiko wako. Nimeusikia." Jioni aliibeba mwenyewe kwenda nayo nyumbani, isije ikachanganywa na vyombo vya bandani. Asubuhi nikaikuta mahali pa sahani yangu.

Barabarani nilipata toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, imejaa viroba vya pumba, inaelekea kaskazini. Dereva alikuwa anamenya yai la kuchemsha juu ya usukani.

"Unashuka wapi?"

"Utakapochoka."

"Mimi nachoka Kisawasawa," akasema, akanipa nusu ya yai. Nililishika yai lile tangu pale mpaka Kiberege bila kulila, nikilitazama kama linataka kuniambia kitu. Halikuniambia kitu. Nikalila. Lilikuwa tamu, na kwa hilo siombi radhi kwa kuku yeyote.

Tulikwama kwenye tope mara mbili, tukashusha viroba, tukavipakia. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji kulia, na milima ya Udzungwa kushoto imejifunika mawingu mpaka kiunoni. Alasiri tukafika. Pumba zilikuwa za mama mmoja anayefuga kuku na nguruwe, nyumba ya tofali za kuchoma, uani pamefagiliwa mistari. Nilipomaliza kushusha viroba, dereva alikwisha geuza toyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe huendi?"

"Sijui ninakokwenda, mama. Natafuta pa kulala."

Alinitazama kuanzia miguu, yenye tope, mpaka kichwani. "Unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa natwanga."

Alicheka. Alinionyesha chumba cha uani: kitanda cha kamba, dirisha moja, jembe pembeni. Mwanawe alikuwa amekwenda kutafuta maisha Morogoro, akasema, chumba kinaota popo tu. Ningeweza kukaa kama ningesaidia palizi ya mpunga mpaka nijue ninakokwenda. Nikaweka begi chini.

Nilipotoka kunawa, alikuwa anachochea moto jikoni, mlango wazi. Juu ya moto, kwenye wavu, kulikuwa na kambale wawili wa kubanika, wanene, weusi, mafuta yanadondoka na kulipuka. Harufu ile ilinipiga tumboni. Tangu asubuhi nilikuwa na nusu yai.

Mama mwenye nyumba akashika sufuria, kabla ya kuibandika akageuza uso.

"Una mwiko?"

Hakuna aliyeniuliza swali hilo kwa miaka mingi, na mara zote nilizoulizwa nilijibu haraka: sina, leta chochote. Niliwatazama wale kambale wawili.

"Kambale," nikasema.

Aliwatazama samaki, akanitazama mimi. Hakuuliza kama ninaumwa, wala ninasali siku gani. Aliinua wavu wote, akaupeleka kwenye mafiga ya nje, akanawa mikono kwa majivu, akachukua sufuria nyingine iliyotundikwa ukutani. "Hii sijawahi kuipikia samaki," akasema. "Basi leo matembele."

Nikatoa sahani yangu kwenye begi, akanipakulia. Mtu aliyetwanga dagaa kwa miaka anaweza kuipata punje moja kwenye chungu kizima, nami nilitafuta kwa ulimi, tonge baada ya tonge, mpaka pembeni mwa meno. Kulikuwa na chumvi, kitunguu na karanga. Dagaa hakuwamo. Mwenye nyumba alikaa ng'ambo, akimbandua kambale ngozi, mafuta yanamshukia mpaka kwenye kifundo cha mkono, nami nikameza matembele pamoja na mate.

"Huo mwiko wako," akauliza akilamba kidole, "ni wa upande wa baba au wa mama?"

"Wa mama mdogo."

"Huo sijawahi kuusikia," akasema, lakini hakuendelea kuuliza. Tulipomaliza alichukua sahani yangu, akaiosha peke yake kwa maji mapya, akaiweka kichanjani, upande wa mbali na wavu wa samaki.